Je, ni kweli kwamba kila ukifunua chungu cha umeme unaongeza nusu saa ya kupika?

#1 Mpangaji wa Leicester

Habari zenu wadau. Nina chungu cha umeme cha kupikia polepole, kile chenye bakuli zito la udongo ndani na mfuniko wa kioo juu, na kwa kuwa ninafanya kazi za zamu ninakitumia zaidi kwa makande, maharage na supu ya kwato. Kijitabu kilichokuja nacho kinaonya kwamba mfuniko usiinuliwe, na kwamba kila ukiinuliwa mpishi aongeze dakika 20 hadi 30. Nyumba yetu ina wapangaji wanne na jiko moja, na kila anayepita jikoni hufunua, hunusa, hukoroga kidogo, halafu hufunika na kwenda zake. Kwa hesabu ya kijitabu, makande yaliyofunuliwa mara sita yangepaswa kuchelewa kwa muda unaofika saa tatu nzima, jambo ambalo sijaliona hata siku moja. Hata hivyo siwezi kusema kwamba hayachelewi kabisa. Naomba wenye ujuzi wanieleze hiyo nusu saa ilitoka wapi, na ni kitu gani hasa kinachopotea mfuniko ukiinuliwa.

#2 Mpishi wa Boko Boko

Kinachopotea ni mvuke, mwanangu, na mvuke ndio unaopika. Mimi niko Muscat, na boko boko la Ramadhani siku hizi ninalipika kwenye chungu cha namna hiyo hiyo: ngano iliyolowekwa, nyama yenye mfupa, chumvi na maji, tangu asubuhi hadi alasiri inapofika zamu ya kuliponda kwa mwiko na kulitia samli. Chungu kikishatulia, ukitazama chini ya kioo utaona matone yamejaa, yanateleza taratibu kuelekea ukingoni, na pale kioo kinapokutana na udongo pana utepe mwembamba wa maji uliozunguka mdomo wote. Utepe huo ndio unaoziba. Ukiinua mfuniko umekivunja kizibo, umeutoa mvuke, na chungu kinaanza upya kukusanya. Sisi tulikatazwa tangu utotoni kufunua wali uliopaliwa makaa, na sababu ni hiyo hiyo.

#3 Hesabu Kwanza

Shikamoo bi mkubwa. Kwa heshima zote, mvuke peke yake hauwezi kubebeshwa lawama hiyo. Tuchukue chungu chenye kilo nne za chakula na nafasi ya lita mbili juu yake. Nafasi hiyo ikijaa mvuke kwa nyuzi 90 za Selsiasi, maji yote yaliyomo humo hewani hayafiki gramu moja. Ili kuyarudisha hewani zinahitajika takriban kilojuli mbili, na kifaa cha wati 200 huzitoa kwa sekunde kumi. Chakula chenyewe kimebeba zaidi ya kilojuli elfu moja juu ya joto la chumba, bila kuhesabu bakuli la udongo ambalo nalo ni zito na limepata moto. Anayefunua, akachungulia na kufunika papo hapo hajapoteza chochote cha kuhesabika. Nadhani hiyo nusu saa ni kauli ya watengenezaji ya kujikinga wasije wakalaumiwa chakula kikitoka kigumu.

#4 Mama Jikoni, Minnesota

Mkuu Hesabu Kwanza, usiwabebeshe watengenezaji peke yao. Huku Marekani hata maelezo ya usalama wa chakula yanayotolewa kwa wananchi hulirudia jambo hilo: kwamba mfuniko ukiinuliwa joto la ndani hushuka kwa nyuzi 10 hadi 15 za Fahrenheit, yaani takriban 6 hadi 8 za Selsiasi, na upishi ukarudi nyuma kwa nusu saa, ingawa wengine huandika dakika 15 au 20. Wanachokihofia si wewe kuchelewa kula. Wanahofia chakula kukaa muda mrefu kati ya nyuzi 4 na 60 za Selsiasi, ambako bakteria huongezeka haraka, na kwa sababu hiyo saa za mwanzo, nyama ikiwa bado ina ubaridi, ndizo za hatari zaidi. Kwangu mimi mbavu za ng'ombe zikifunuliwa ovyo mwanzoni huchelewa waziwazi, lakini zikifunuliwa mwishoni, zikiwa zimeshalainika nusu, sioni tofauti yoyote.

#5 Kandambili

Kwa hiyo suluhisho ni mfuniko wenye kufuli, au wapangaji wenye adabu. Kufuli ni rahisi kupatikana.

#6 Fundi Koili wa Gerezani

Hesabu Kwanza amefanya hesabu ya sehemu nyepesi akaiacha nzito. Nimefungua vyungu vya aina hii mezani kwangu, na vile vya kawaida havina kidhibiti joto cha namna yoyote. Ndani ya lile kopo la bati kuna koili iliyozungushwa ubavuni, swichi ya kuchagua nguvu ndogo au kubwa, na nyaya zinazoviunganisha, basi. Koili haina habari kwamba mfuniko umeinuliwa. Inaendelea kutoa wati zile zile ilizokuwa ikitoa. Jiko la mkaa unalipepea, la gesi unaliongeza, na hasara inafidiwa mara moja, lakini hiki hakichochewi.

Jambo la pili ni kwamba chungu kikishatulia kwenye joto lake, karibu wati zote 200 zinalipia joto linalovuja ubavuni na juu, kama mshahara unaoishia wote kwenye kodi ya nyumba. Kinachobaki cha kupandishia joto ni kidogo mno. Sasa chukueni kwamba kilo nne za chakula zimeshuka nyuzi tano: hizo ni kilojuli 84. Kama wati zote 200 zingekuwa huru, zingelipa deni hilo kwa dakika saba. Kama zilizo huru ni 50, zinahitaji dakika 28. Nusu saa ya kijitabu hiyo hapo.

#7 Hesabu Kwanza

Fundi, kugawanya umegawanya sawasawa, ila umeanza na nyuzi tano kana kwamba zimeshashuka. Nani aliyezishusha? Kilojuli 84 haziondoki kwa mtu kuchungulia. Ili zitoke kupitia uso wa chakula ni lazima mfuniko ukae pembeni dakika kadhaa. Ninashuku kwamba mvurugano wote umetokana na neno "joto la ndani". Kipimajoto kikining'inizwa katika nafasi iliyo juu ya chakula kitashuka ghafla mara tu mfuniko unapoondoka, lakini kikichomekwa katikati ya pande la nyama hakitatikisika. Aliyepima cha kwanza na aliyepima cha pili wote wamesema kweli, lakini hawakupima kitu kimoja.

#8 Mnjombe Halisi

Ninyi mnapima hewa, na maji mnayamwaga ndani. Mtu anayefunua maharage kwa kawaida anaona mchuzi umepungua, anachukua kikombe, anakinga maji bombani na kuyamimina. Nusu lita ya maji ya nyuzi 20, ili ifike nyuzi 90, inataka karibu kilojuli 147, ambazo kwa hesabu ya fundi zinazidi deni lote la nyuzi tano. Huku kwetu mwenye kupika maharage huweka birika la maji pembeni ya moto tangu mwanzo, na haongezi ila maji yaliyochemka. Chungu cha umeme kinahitaji utaratibu huo zaidi kuliko sufuria, kwa kuwa hakina nguvu ya kujikomboa.

Zaidi ya hapo, maharage yenyewe yana sababu zake. Yaliyokaa muda mrefu ghalani kwenye joto na unyevu huwa magumu hata ukiyapika kutwa nzima. Ukitia nyanya au ndimu mapema, tindikali yake huzuia ganda lisilainike, ndiyo maana watu wengine hutia magadi kidogo. Nasi wa nyanda za juu tuna letu: Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa takriban nyuzi 93, si 100 kama Tanga. Mpishi akiyakuta maharage bado yanakataa kupondeka kati ya kidole gumba na cha shahada, anamlaumu aliyefunua.

#9 Zamu ya Usiku

Kabla hamjaendelea, naomba nimsemeshe mwenye uzi kuhusu usalama. Maharage mekundu makubwa, yale yenye umbo la figo, yasitiwe mabichi kwenye chungu cha kupika polepole. Yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa kweli, na yakipashwa moto kwa joto la chini lisilofika mchemko, sumu hiyo inaweza hata kuongezeka kuliko yalipokuwa mabichi. Yaloweke saa tano au zaidi, uyamwage maji, kisha uyachemshe kwa nguvu jikoni ndipo uyahamishie kwenye chungu. Uingereza hushauriwa dakika kumi za mchemko, na mamlaka ya chakula ya Marekani husema 30. Hapo suala si muda wa mfuniko tena, ni kutapika.

#10 Mpangaji wa Leicester

Ahsante Zamu ya Usiku. Huwa ninayachemsha kwanza, na nimefurahi kuijua sababu. Mnjombe amenigusa kwenye suala la maji ya baridi, kwa sababu bomba la huku wakati wa kipupwe linatoa maji ya kukata vidole. Naomba niulize jingine: je, hasara ya kufunua inatofautiana kati ya joto la chini na joto la juu?

#11 Fundi Koili wa Gerezani

Inatofautiana, ingawa si kwa namna ambayo wengi wanaifikiria. Kwa vyungu vingi, joto la chini na la juu huishia karibu mahali pamoja, chini kidogo ya mchemko. Tofauti kubwa ni kasi ya kufika huko, na kwa sababu hiyo pishi la saa tatu au nne kwa joto la juu huandikiwa saa saba au nane kwa joto la chini. Kwa joto la chini ziada ni ndogo zaidi, hivyo deni lile lile hulipwa kwa muda mrefu zaidi.

Kwa wale wa Dar es Salaam ninaongeza jambo ambalo hakuna kijitabu kinachoandika. Nguvu ya koili hufuata volti ikizidishwa kwa yenyewe. Jioni umeme mdogo unapoleta volti 200 badala ya 230, kifaa cha wati 200 kinabaki na kama wati 150, na hapo chungu kinaweza kukosa ziada kabisa hata bila kufunuliwa na mtu. Mteja aliniletea chake akidai kimekufa, kumbe kizima. Umeme wa mtaani kwao ndio uliokuwa umelala. Mwingine alikuja na chungu cha Marekani cha volti 120, akakichomeka ukutani moja kwa moja. Hicho sikuhitaji kukifungua ili kujua kilichotokea.

#12 Kandambili

Wamarekani walikibuni miaka ya sabini ili wasipike, nasi tumekichukua ili tukikeshee na vikokotoo.

#13 Msomaji wa Zamani

Kandambili, ni vizuri tuweke sawa historia, maana inahusika na mfuniko kuliko unavyodhani. Chungu hiki kilitokana na kazi ya Irving Naxon wa Chicago, aliyepata hataza yake mwaka 1940. Kampuni ya Rival iliinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikakiingiza sokoni kwa jina la Crock-Pot. Kilichoanza miaka ya sabini ni umaarufu. Naxon alieleza kwamba wazo hilo lilitokana na masimulizi ya mama yake kuhusu cholent, mchuzi mzito wa Kiyahudi ambao huko Lithuania uliwekwa motoni Ijumaa kabla ya jua kuzama na kuliwa Jumamosi, kwa kuwa kupika siku ya Sabato kumekatazwa.

Sheria za Sabato zimeutaja mfuniko wenyewe. Chungu kilichoko motoni ambacho chakula chake hakijaiva sawasawa kikishafunuliwa hakiruhusiwi kurudishiwa mfuniko, kwa sababu kufunika huharakisha kuiva, na kuharakisha kuiva ni kupika. Watu waliopika kwa moto mdogo usiku kucha kwa karne nyingi waliona kwamba mfuniko unafanya kazi ya kweli, kiasi cha kuuwekea hukumu.

#14 Hesabu Kwanza

Ahsante Msomaji, sikulijua hilo na limenipendeza, lakini linathibitisha kwamba chungu kilichoachwa wazi hupika polepole kuliko kilichofunikwa, jambo ambalo hakuna anayelipinga hapa. Halisemi lolote kuhusu sekunde kumi.

#15 Kapu Halidanganyi

Wenye umeme mnabishana kuhusu nusu saa. Njooni kwetu tunaotumia kapu. Ninaishi Kiambu na maharage ninayaivishia kwenye kapu lililojazwa vitambaa na mto juu yake: ninayachemsha jikoni hadi yafike nusu, ninaiepua sufuria ikiwa bado inatokota, ninaifunika ndani ya kapu na kuiacha. Humo hamna koili wala wati, kwa hiyo joto likitoka limetoka. Mtoto akifunua mara moja ili achungulie, mchuzi unabaki vuguvugu, na inabidi sufuria irudi jikoni ichemke upya. Nikimsoma Hesabu Kwanza ninaelewa hoja yake, lakini kapu langu linaonyesha kwamba kuchungulia si bure kama anavyosema.

#16 Hesabu Kwanza

Dada wa Kiambu, ili mtoto achungulie kwenye kapu anaondoa mto, anapangua vitambaa, anainua mfuniko, halafu anarudisha vyote kwa mpangilio wake wa kitoto, pengine akiacha tundu. Hizo si sekunde kumi.

#17 Kapu Halidanganyi

Mtoto wangu ana mpangilio mzuri kuliko wa baba yake. Hoja yako ya tundu lakini ninaikubali.

#18 Mshabiki wa Takwimu

Wadau, hamjauliza nani anafunua, na lini. Chakula kinachoiva kwa wakati hakifunuliwi sana. Mpishi anarudi, anakikuta tayari, anapakua. Chakula kinachochelewa, kwa sababu ya maharage makuukuu, umeme mdogo au nyama iliyotolewa kwenye friji dakika hiyo hiyo, ndicho kinachofunuliwa kila mara, kwa kuwa mpishi ana njaa na wasiwasi. Baadaye anakumbuka kwamba siku aliyofunua sana ndiyo siku aliyokula usiku wa manane, na anahitimisha kwamba kufunua kumemchelewesha. Inawezekana kabisa kwamba kuchelewa ndiko kulikomfanya afunue.

#19 Mama Jikoni, Minnesota

Maelezo hayo ni mazuri, lakini hayaelezi mbavu zangu za #4, maana mwanzoni sikuwa na njaa wala wasiwasi, nilikuwa ninapanga viazi. Kuna jambo jingine ambalo fundi na mwanahesabu wote wameliruka. Joto likishuka kutoka nyuzi 92 hadi 87, chakula hakijasimama kuiva kikisubiri lirudi. Nyama yenye mishipa huendelea kulainika tangu nyuzi 70 na kitu, polepole tu zaidi kadiri joto linavyokuwa chini. Kwa hiyo hata ikichukua nusu saa kurudi nyuzi 92, nusu saa hiyo haikupotea yote. Imepotea sehemu yake. Mwanzoni, nyama ikiwa bado iko nyuzi 50, muda unaopotea unapotea wote, kwa sababu hapo hakuna kinacholainika. Ndiyo sababu ninasema mwanzo na mwisho visipimwe kwa kipimo kimoja.

#20 Fundi Koili wa Gerezani

Mama Jikoni, mwanzoni chungu kiko mbali na joto lake la kutulia, kwa hiyo uvujaji ni mdogo na ziada ya wati ni kubwa. Na chakula cha nyuzi 50 hakitoi mvuke mwingi ukikifunua. Kwa hesabu yangu, mwanzoni ndipo kufunua kungepaswa kuumiza kidogo.

#21 Mama Jikoni, Minnesota

Basi njoo uzile hizo mbavu, fundi, uniambie kwa nini.

#22 Hesabu Kwanza

Napendekeza jaribio. Vyungu viwili vya aina moja, lita nne za maji katika kila kimoja, kipimajoto kimoja katikati na kingine juu karibu na mfuniko. Kimoja kisiguswe kabisa, kingine kifunuliwe sekunde kumi kila baada ya nusu saa, bila kukoroga na bila kuongeza maji. Tukiona tofauti katikati ya maji, nitakubaliana na kijitabu.

#23 Mnjombe Halisi

Bila kukoroga na bila kuongeza maji, utakuwa unampima mtu ambaye hayupo katika jikoni yoyote ninayoijua. Weka chungu cha tatu kwa ajili ya wapangaji wa Leicester.

#24 Mpishi wa Boko Boko

Na cha nne kiwe changu, kwa sababu maji si boko boko. Maji yakipoa juu yanashuka chini na ya moto yanapanda, chungu kizima kinagawana hasara. Boko boko likishakuwa zito halizunguki; ukilifunua linapoa juu peke yake, linajenga ngozi, na chini ya ngozi hiyo bado linatokota vizuri kabisa. Kipimajoto cha katikati kitakuambia kwamba hakuna kilichotokea, na juu pale ngano itakuwa bado ina kiini. Nikiikoroga ngozi hiyo ndani ninalipoza lote, nikiiacha inabaki ngumu. Hesabu Kwanza aseme, katika jaribio lake, kipimajoto kitachomekwa wapi.

#25 Mpangaji wa Leicester

Vyungu viwili ninaweza kuvipata, kwa kuwa mwenzangu wa chumba cha juu anacho cha aina hiyo hiyo, na vipimajoto vya nyama vinauzwa hapa kwa bei nafuu. Nitaanza na maji kama alivyosema Hesabu Kwanza, kisha makande, kimoja kikiongezewa maji ya birika na kingine maji ya bomba. Ngano ya boko boko sijaiona katika duka lililo karibu nami, kwa hiyo bi mkubwa naomba unielekeze kama ngano nzima iliyokobolewa inayouzwa kwenye maduka ya Wahindi inafaa, na iloweke kwa muda gani.

#26 Mpishi wa Boko Boko

Inafaa, mwanangu, maadamu imekobolewa ganda. Iloweke tangu usiku, uioshe hadi maji yatoke meupe, na nyama usiikate vipande vidogo.